Bibi wa Dorne na majoka watatu: Vita ambavyo Aegon hakuvishinda

Malkia Rhaenys Targaryen alipoingia Dorne akiwa mgongoni mwa joka wake, Meraxes, alikuwa akitafuta jeshi la kupigana nalo. Hakulipata. Alifika Vaith, wanaume hawapo. Akafuata mto hadi Godsgrace, pia hawapo. Mlangoni mwa mto Greenblood kuna mji wa ajabu uliojengwa kwa mashua zilizofungwa pamoja, nao alikuta wamebaki vikongwe na watoto. Kila alipouliza wanaume wako wapi aliambiwa wameondoka. Wamekwenda wapi, hakuna aliyemwambia.

Katika kasri la Sunspear ndipo alipompata mtu wa kuzungumza naye. Alikuwa Meria Martell, mwanamke wa miaka 80, mnene, kipofu, nywele karibu zimemwisha kichwani. Alikuwa ameitawala Dorne kwa miaka 60. Mfalme mmoja jirani alikuwa amembandika jina la kejeli, Chura wa Manjano wa Dorne. Rhaenys alikuja na joka aliyeweza kummeza farasi mzima, na nyuma yake kulikuwa na habari za wafalme waliokwisha kuteketea. Bibi yule alisikiliza, kisha akamjibu kwamba hatapigana na hatapiga goti. Wakitaka kuwachoma watu wake, moto wanao. Lakini Dorne hawatakiwi, na wakirudi wasije wakalaumu.

Rhaenys akapanda joka wake akaondoka.

Dunia hiyo ni ya kubuni. Aliyeibuni ni George R. R. Martin, mwandishi Mmarekani aliyezaliwa Bayonne, New Jersey, mwaka 1948. Wengi wetu tuliijua kupitia tamthilia ya Game of Thrones iliyooneshwa na HBO kuanzia 2011 hadi 2019, au House of the Dragon iliyoanza 2022. Vita ninavyovizungumzia vilipiganwa, kwa hesabu ya hadithi yenyewe, karibu miaka 300 kabla ya matukio ya Game of Thrones. Habari zake zimo katika vitabu viwili: The World of Ice & Fire cha 2014, ambacho Martin alikiandika pamoja na Elio García na Linda Antonsson, na Fire & Blood cha 2018. Wenyeji wa bara la Westeros huviita vita hivyo kwa neno moja tu, ambalo kwa Kiswahili naona linalolistahili ni Kutamalaki, na kalenda yao nzima huhesabu miaka kuanzia hapo.

Wapenzi wa hadithi hii wakianza kusimulia Kutamalaki huanza na majoka. Ninawaelewa; ni majoka wa kutisha kweli. Ila kila ninapovirudia vitabu hivi naona habari yenyewe iko kwenye magoti: nani alipiga, nani alikataa, na kila mmoja alilipa nini kwa uamuzi wake.

Tuanze na hao waliokuja. Ukoo wa Targaryen ulitoka Valyria, dola ya ng'ambo ya bahari iliyotawala kwa majoka mpaka milima yake ya moto ilipolipuka na kuiangamiza kwa siku moja. Miaka 12 kabla ya maangamizi hayo, binti mmoja wa ukoo huo, Daenys, aliyaona ndotoni. Baba yake akamwamini, akahamisha familia yote na majoka watano hadi kisiwa cha Dragonstone, karibu na pwani ya Westeros. Kati ya watano hao alibaki mmoja, Balerion, mweusi ti, mkubwa kuliko joka yeyote aliyepata kuwapo Westeros. Majoka wengine wawili, Vhagar na Meraxes, walianguliwa kisiwani hapo. Miaka mia na zaidi ikapita. Balerion akapandwa na Aegon, Vhagar na dada yake mkubwa Visenya, Meraxes na dada yake mdogo Rhaenys. Aegon aliwaoa dada zake wote wawili, kwani kuoa dada ilikuwa desturi ya ukoo wao.

Kabla ya vita Aegon aliagiza kitu ambacho kwangu kinaeleza mengi kuliko joka yeyote. Ni meza. Ilikuwa na urefu wa zaidi ya futi 50, imechongwa kwa umbo la Westeros, na juu yake zimechorwa mito, milima, misitu, miji na ngome. Mipaka ya falme haikuchorwa. Nchi hiyo wakati huo ilikuwa na falme saba, kila moja na ukoo wake wa kale, uhasama wake, sheria zake na makaburi yake. Kwenye meza ya Aegon hazikuwapo. Mtu aliyeitazama aliona nchi moja tupu inayongoja mwenyewe.

Sababu ya vita, kama kawaida ya sababu za vita, ilikuja kwa umbo la tusi. Mfalme Argilac Durrandon wa nchi ya Tufani alikuwa anazeeka na hana mtoto wa kiume. Alitaka kumwoza Aegon binti yake Argella na kumpa ardhi, ambayo sehemu yake kubwa ilikuwa chini ya mfalme mwingine, Harren. Maana yake alitaka kumweka Aegon katikati yake na adui yake, awe ukuta. Aegon akajibu kwamba yeye ana wake tayari, ila binti anaweza kuolewa na rafiki yake Orys Baratheon, ambaye watu walinong'ona kuwa ni ndugu yake wa nje ya ndoa. Argilac akaona ametukanwa. Akamkata mjumbe mikono, akamrudishia Aegon mikono hiyo ndani ya sanduku.

Aegon akatuma kunguru wenye barua kwa kila mfalme na kila bwana mkubwa. Kuanzia siku hiyo Westeros ingekuwa na mfalme mmoja. Atakayepiga goti atabaki na ardhi na vyeo vyake. Atakayeshika silaha ataangushwa.

Aliposhuka pwani, kwenye mlango wa mto Blackwater, alikuwa na watu wangapi? Wanahistoria wa ndani ya hadithi hawakubaliani. Wengine husema elfu tatu, wengine husema mamia tu. Martin angeweza kutupa tarakimu moja tukaimeza. Aliacha wasomi wake wabishane, kwa sababu ameiandika habari hii yote kama kitabu cha historia, chenye vyanzo vinavyopingana na waandishi wenye upande. Nitarudi kwenye jambo hili.

Wa kwanza kuangushwa alikuwa Harren Mweusi. Huyu alikuwa mfalme wa visiwa na wa nchi ya mito, na kwa miaka 40 alikuwa anajenga ngome kuliko zote, Harrenhal, yenye minara mitano mikubwa. Maelfu ya mateka walifia machimboni na kwenye magari ya kukokota mawe. Miti mitakatifu iliyoishi maelfu ya miaka ilikatwa kuwa mihimili. Nchi ya mito na visiwa vyake mwenyewe alivikamua hadi tone la mwisho. Ngome ikakamilika, na siku Harren alipohamia ndiyo siku Aegon alipotia mguu pwani.

Harren alijifungia ndani na kumwambia Aegon kwamba kuta zake ni za jiwe, na jiwe haliwaki. Usiku ule Balerion alipaa juu sana hadi akapotea mawinguni, kisha akashuka ndani ya kuta. Mbao ziliwaka. Nafaka, kamba, nyama ya chumvi, nyasi za kulalia, vyote viliwaka, na watu pia. Minara ikawa myekundu, ikayeyuka na kupinda kama mishumaa. Harren na wanawe walifia humo.

Hapa msomaji asipite haraka. Kabla ya moto huo, mabwana wa nchi ya mito, wakiongozwa na Edmyn Tully, walikuwa wamekwisha kumwasi Harren na kujiunga na Aegon. Walikuwa wamezunguka ngome wakitazama. Watu waliozikwa na mawe ya Harrenhal walikuwa ndugu zao. Mfalme aliyewatesa watu wake kwa miaka 40 hakuwa na mtu wa kumfia nje ya kuta alizojengewa kwa nguvu. Joka alimuua Harren, lakini nchi ya mito ilikuwa imekwisha kumponyoka kabla joka hajafika.

Argilac, yule wa sanduku, angeweza kujificha kwenye ngome yake. Alikuwa amesikia habari za Harrenhal, akachagua kufa uwanjani. Siku hiyo mvua kubwa ilinyesha na upepo ukavuma, Meraxes akashindwa kuruka vizuri, na mzee yule karibu ashinde. Orys Baratheon ndiye aliyemuua, ana kwa ana. Binti yake Argella akafunga malango na kujitangaza malkia. Ni askari wake mwenyewe waliomsaliti: walimfunga minyororo, wakamvua nguo, wakamkabidhi kwa adui akiwa hivyo. Orys alimfungua, akamfunika kwa joho lake, akazungumza naye kwa upole, kisha akamwoa. Akachukua ngome ya baba yake, nembo ya ukoo wake na kaulimbiu yao. Vitabu husifu ungwana wa Orys, na kweli alikuwa na ungwana. Argella alisema nini siku ya harusi yake, hakuna aliyeandika.

Kisha ikaja siku ambayo watu huikumbuka kuliko zote. Mfalme Mern wa Reach na Mfalme Loren Lannister wa Mwamba waliunganisha majeshi: watu elfu 55, na kati yao wapanda farasi wa deraya elfu tano. Aegon alikuwa na karibu sehemu moja ya tano ya idadi hiyo. Walikutana kwenye uwanda wa mashamba, ngano imeiva, nyasi zimekauka kwa kiangazi. Wafalme wawili walikuwa na kila sababu ya kuamini watashinda, na kwa dakika za mwanzo walishinda kweli. Farasi wao waliuvunja mstari wa Aegon. Ndipo majoka wote watatu wakapaa pamoja, mara pekee katika vita vyote, wakawasha moto upande upepo unakotoka.

Watu elfu nne waliungua. Elfu moja zaidi waliuawa kwa panga na mikuki. Mern alikufa na wanawe, na ukoo uliodai kutawala Reach tangu enzi za mashujaa ukazimika mchana mmoja. Loren alinusurika, akakamatwa kesho yake, akapiga goti, akabaki bwana wa nchi yake. Kasri la Mern lilikabidhiwa na msimamizi wake, mtu wa ukoo wa Tyrell, ambaye Aegon alimpa nchi nzima kwa kufungua mlango. Panga za walioshindwa zikakusanywa, na baadaye moto wa Balerion ukaziyeyusha kuwa Kiti cha Chuma, kile ambacho misimu minane ya tamthilia ilipigania.

Elfu nne. Nimejaribu kutafuta kitabuni jina la mkulima mmoja aliyeshikishwa mkuki siku ile, au mwenye shamba lililokuwa la ngano asubuhi na la majivu jioni. Hayupo. Majina ni ya wafalme, mabwana na majoka. Mwanzoni nililiona hilo kama upungufu wa Martin. Sasa nadhani ameiga kwa makusudi namna historia za watekaji zinavyoandikwa.

Wanahistoria wa Ulaya wataitambua sura hii. William wa Normandy alishuka Pevensey tarehe 28 Septemba 1066, akamshinda Mfalme Harold kwenye vita vya Hastings tarehe 14 Oktoba, akavishwa taji Westminster siku ya Krismasi. Miaka 20 baadaye, kitabu chake cha kuandikisha mali, Domesday, kilionesha karibu ardhi yote kubwa ya Uingereza iko mikononi mwa watu waliokuja naye. Kitambaa cha Bayeux, chenye urefu wa karibu mita 70, kinasimulia ushindi huo kwa picha zilizodariziwa, na kinausimulia kwa namna iliyompendeza mshindi. Aegon wa Martin amefinyangwa kwa udongo huo, ukaongezwa mabawa.

Sisi watu wa pwani ya Afrika Mashariki tunao mfano wa kinyume. Wajerumani walipoivamia Mrima mwishoni mwa miaka ya 1880, Hemedi bin Abdallah el Buhriy alitunga utenzi mrefu wa vita hivyo, na neno alilolitumia kwa kazi ya Wajerumani hao ni hilo hilo, kutamalaki. Aliutunga akiwa upande wa walioshindwa. Kwa hiyo tunajua vita vile vilionekanaje kutoka mijini kwetu, na si kwa ripoti za maofisa wa Kijerumani tu. Westeros ya Martin haina Hemedi wake. Fire & Blood imeandikwa kwa sauti ya msomi aitwaye Gyldayn, mtu wa chuo kikuu cha Oldtown, na hata anapojitahidi kutenda haki, Dorne anaisikia kwa mbali, kama mtu anayesikiliza ugomvi wa jirani nyuma ya ukuta.

Kaskazini, Mfalme Torrhen Stark alikuwa amekusanya watu elfu 30 na kuteremka nao hadi mto Trident. Ng'ambo ya mto waliwaona majoka. Usiku, ndugu yake wa nje ya ndoa, Brandon Snow, alijitolea kuvuka gizani na kwenda kuwaua majoka kwa mishale. Torrhen alimruhusu avuke, lakini alimpa kazi nyingine: kwenda kuzungumza. Asubuhi mfalme mwenyewe akavuka, akaweka taji la kale la Kaskazini miguuni mwa Aegon na kupiga goti. Watu wake elfu 30 walirudi makwao wazima.

Historia ilimpa Torrhen jina la Mfalme Aliyepiga Goti, na wajukuu wa wajukuu wake walilibeba jina hilo kwa aibu. Sikubaliani na aibu hiyo hata kidogo. Alikuwa amesikia habari za mashamba yaliyoungua na alijua hesabu. Kati ya watawala wote saba, ni yeye aliyeweka maisha ya wapiganaji wake juu ya jina lake mwenyewe, na alilipa kwa jina hilo. Kama ningekuwa mama wa mmoja wa vijana wale elfu 30, ningemwombea dua kila siku.

Mlimani Eyrie mambo yalikwisha kwa upole zaidi. Malkia mama Sharra Arryn alipotoka uani alimkuta Visenya amekaa na mwanawe mdogo, Ronnel, mfalme wa kitoto, magotini mwake, na Vhagar pembeni. Mtoto aliomba apandishwe kwenye joka. Mataji yakatolewa, na mtoto akazungushwa angani juu ya kilele cha mlima mara tatu. Alipanda akiwa mfalme, akashuka akiwa bwana.

Baada ya hapo Aegon alikwenda Oldtown. Kiongozi mkuu wa dini alikuwa amefunga na kuomba siku saba mchana na usiku, akaonywa kwamba mji ukipinga utaungua, na malango yakafunguliwa. Akampaka Aegon mafuta, akamvika taji, akamtangaza mfalme wa Waandali, wa Warhoynar na wa Watu wa Kwanza. Warhoynar ni watu wa Dorne. Aegon alipewa jina la kuitawala nchi ambayo askari wake hawakuwa wamekanyaga hata ukumbi mmoja wake. Kwenye karatasi kazi ilikuwa imekwisha, na mwaka wa kwanza wa kalenda ukaanza siku hiyo.

Sasa turudi kwa bibi yetu.

Mwaka wa 4 Aegon alikwenda kuidai Dorne kwa silaha. Yaliyotokea ningependa yasomwe polepole, kwa sababu humo ndimo Martin alipotia fikra zake zote kuhusu nguvu. Ngome zilikuwa tupu. Visima vilikuwa vimefukiwa au kutiwa sumu. Jeshi la Harlan Tyrell, yule yule aliyepewa nchi kwa kufungua mlango, liliingia jangwani kuelekea Vaith na halikuonekana tena, hata mtu mmoja. Orys Baratheon alinaswa kwenye njia nyembamba ya milimani; alipokombolewa kwa fedha miaka kadhaa baadaye, yeye na wenzake walirudi bila mkono wa kushikia upanga. Aegon alifika Sunspear, akakuta Meria ameondoka, akatangaza ushindi kwenye kasri lisilo na mwenyewe, akamwacha Bwana Rosby kuwa msimamizi, akarudi nyumbani. Hakuwa amefika mbali Dorne ilipoibuka. Rosby alipandishwa juu ya mnara na kutupwa dirishani, na inaelezwa kwamba aliyemsukuma ni Meria mwenyewe, kipofu na miaka yake themanini na ushei.

Angalia tofauti. Harren alimpa joka ngome ya kuchoma. Mern na Loren walimpa jeshi lililosimama mahali pamoja kwenye nyasi kavu. Argilac, Torrhen na mtoto Ronnel walikuwa na taji, na taji lina kichwa kimoja. Joka ni silaha inayohitaji shabaha, na Dorne ilikataa kuwa shabaha. Hawakuwa hata na mfalme wa kuvuliwa taji. Mtawala wao, mwanamume au mwanamke, alijiita mwanamfalme tu.

Mwaka wa 10, Rhaenys alirudi tena na Meraxes, mara hii kwenye ngome ya Hellholt. Kutoka ngomeni ulirushwa mkuki wa chuma kwa mtambo, ukamwingia joka jichoni. Meraxes alianguka na kubomoa mnara mrefu kuliko yote alipokuwa akifa. Kama Rhaenys alikufa pale pale au alibaki hai mikononi mwa watu wa Hellholt, wasomi wanabishana mpaka leo yao.

Aegon na Visenya wakaingia katika miaka miwili ya ghadhabu. Kila ngome ya Dorne ilichomwa, nyingine mara mbili, nyingine mara tatu, isipokuwa Sunspear. Kuzunguka Hellholt mchanga uliyeyuka ukawa kioo. Wengine walisema Sunspear iliachwa makusudi ili watu wa Dorne waanze kuulizana kwa nini mtawala wao haunguzwi. Ilikuwa hila nzuri, na haikufaulu.

Ninawaambia wanaoipenda Dorne kwa ujasiri wake wasiufanye uwe wimbo wa furaha. Walioungua humo walikuwa watu. Meria aliyekataa kupiga goti aliwalipisha watu wake miaka tisa ya vita, na Torrhen aliyepiga aliwarudisha watu wake nyumbani. Martin, ambaye ujanani alikataa kwa sababu za dhamiri kwenda kupigana Vietnam na akakubaliwa, hajatuambia nani kati yao alikuwa sahihi. Mimi nimesema ningemwombea Torrhen. Na bado ni Meria ninayemkumbuka nikifunga kitabu, nami siwezi kulificha hilo.

Meria alifariki mwaka wa 13, kitandani. Mwanawe Nymor, naye mzee na mgonjwa, akamtuma binti yake Deria kwenda kwa Aegon na fuvu la Meraxes na barua. Amani ya nchi mbili zilizo huru, alisema. Amani bila goti. Washauri wengi wa Aegon waliikataa. Aegon akaifungua barua akaisoma akiwa amekaa kwenye Kiti cha Chuma, na walioshuhudia walisema alipoinuka mkono wake ulikuwa ukivuja damu. Akaichoma barua. Akapanda Balerion, akaenda Dragonstone usiku huo. Asubuhi alirudi akakubali kila sharti.

Kilichoandikwa humo Martin hajakisema. Ndani ya hadithi wako wanaodhani kwamba Rhaenys alikuwa hai bado na anateswa, na Nymor aliahidi kumpumzisha. Wengine wanadhani ni tishio la wauaji wa kukodi dhidi ya mtoto wa Aegon. Ninachokijua ni kwamba mtu aliyeyeyusha Harrenhal alishindwa na karatasi moja.

Majoka wa Westeros walikwisha mwaka wa 153. Mwaka wa 157 kijana wa miaka 14, Mfalme Daeron wa Kwanza, aliivamia Dorne bila joka hata mmoja na kweli akaiteka, akaandika kitabu cha kujisifu ambamo aliongeza idadi ya maadui zake. Ilimgharimu watu elfu kumi kuiteka na mara kadhaa zaidi kujaribu kuishika. Gavana aliyemwacha huko, Lyonel Tyrell, aliuawa kitandani kwa nge waliomwangukia kutoka juu. Daeron mwenyewe aliuawa akiwa na miaka 18, chini ya bendera ya mazungumzo ya amani.

Dorne iliingia katika ufalme baadaye, karibu karne mbili baada ya Aegon, kwa harusi. Mtawala wake, Maron Martell, alimwoa dada wa mfalme, na baada ya harusi alipiga goti mbele ya Kiti cha Chuma. Goti hilo lilikuwa na masharti. Watawala wa Dorne waliendelea kuitwa wanamfalme, jina ambalo hakuna bwana mwingine wa Westeros aliyeachiwa. Walikusanya kodi zao wenyewe. Na walibaki na sheria yao ya urithi, ambayo hakuna nchi nyingine kati ya zile saba iliyo nayo: mtoto wa kwanza ndiye anayerithi, awe wa kiume au wa kike.